Nimefika kwa wenzangu, mbona mwili unataka kukimbia?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31 na ni kuchu, yaani napenda watu wa jinsia yangu. Neno hilo nimeanza kulitamka kwa sauti mwaka huu, na hata sasa nilipoliandika nimegeuka nyuma kuona kama kuna mtu.

Miezi saba iliyopita rafiki alinipeleka kwenye kikao cha watu wa jamii yetu. Tunakutana mara moja kwa wiki, watu kumi au kumi na wawili, tunakaa kwenye duara. Hakuna pombe, hakuna kutafutana wachumba, hakuna kupiga picha. Kila mmoja anaeleza wiki yake ilivyokwenda, wengine wanasikiliza, basi. Ni watu wema, Shangazi. Nasema mapema ili usije ukaniambia nihame, maana kosa si lao.

Kosa naona ni langu. Zamu ikianza kunikaribia, vidole vinaingia ganzi na masikio yanavuma. Ikinifikia natupa mzaha, watu wanacheka, zamu inapita. Miezi saba sasa mimi ndiye mchekeshaji wa kikao. Wananipenda kwa hilo, na hakuna hata mmoja anayejua lolote kunihusu.

Kiongozi wetu huanza na zoezi la kututuliza: "Fumbeni macho, vuteni pumzi ndefu, sikilizeni miili yenu." Naona mabega ya wenzangu yanashuka. Mimi nikifumba macho nina miaka kumi na minne, nimelala kitandani, nasikia hatua kwenye korido na nahesabu kama zitapita au zitasimama mlangoni kwangu. Nikivuta hiyo pumzi ndefu ndipo kizunguzungu kinaponishika. Wiki mbili zilizopita nilitoka nje katikati ya zoezi. Dada mmoja akanifuata, akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia napokea simu. Simu yenyewe nilikuwa nimeiacha ndani juu ya kiti.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Yupo kijana mmoja mpole kikaoni. Wiki iliyopita tumemaliza, tunapanga viti, mama yake akapiga simu. Akaweka spika. Yule mama akamsalimia mpenzi wa mwanawe kwa jina, akamwita "mwanangu", akamuuliza kama kikohozi kimeisha. Chumba kizima kilifurahi, mmoja hadi akalia. Mimi nilihisi chuki, Shangazi. Nilitamani ile simu ikatike. Nikaondoka bila kuaga, na usiku kucha nikajisimanga: wewe ni mtu wa namna gani, unayekasirika mwenzako akipendwa na mama yake?

Nilimdokezea mwenzetu mmoja kwamba sijisikii vizuri. Akanijibu kwamba ni lazima nijipende kwanza ndipo nitaweza kupokea upendo wa wengine. Nimejaribu. Nimesimama mbele ya kioo nikajiambia "nakupenda", nikajiona kama mwigizaji aliyesahau maneno.

Wengine kwenye duara walifukuzwa nyumbani. Mmoja alipigwa hadi mkono ukavunjika. Mimi sikufukuzwa, niliishi tu nikijificha, kwa hiyo sina hata haki ya kulalamika. Nimepata nilichokililia miaka yote na bado naogopa. Tatizo ni mimi, sivyo? Niache kwenda, niwapishe wanaokihitaji kiti?

Wako,
Mchekeshaji wa Duara

*

Marahaba, mwanangu.

Kiti usimpishe mtu. Hilo nimelijibu kwanza ili usome yaliyobaki ukiwa umeegemea.

Mimi nami ni wa jamii hiyo hiyo, na maduara ya namna hiyo nimekaa nikiwa sina mvi hata moja. Wewe umejificha kwenye mzaha. Mimi nilijificha kwenye viti. Nilikuwa wa kwanza kufika kuvipanga na wa mwisho kuvirudisha, na katikati nilikuwa nahangaika kutafuta kiti cha ziada kwa mgeni ambaye hakuna aliyemtarajia. Ilichukua muda mrefu mtu mmoja kuniambia, "Viti vinatosha, kaa." Nilimchukia wiki nzima.

Umeandika kwamba umepata ulichokililia na bado unaogopa, kwa hiyo tatizo ni wewe. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu huyo anajua fika kwamba ule ni ung'ongo, ukimuuliza atakuambia. Miguu yake ndiyo haijaambiwa. Akili yako ilishahamia kwenye kile kikao miezi saba iliyopita. Mwili bado uko kwenye ile korido unahesabu hatua, na ulifanya kazi hiyo vizuri mno hadi ukafika miaka 31 ukiwa mzima. Leo unautukana kwa sababu haujaacha kazi siku ulipouambia uache.

Tena lile neno "tu" ulilolichomeka kwenye "niliishi tu nikijificha", lifute. Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer alieleza kwa kirefu msongo unaowaelemea watu kama sisi, na alichosema ni kwamba mzigo wenyewe si matusi na vipigo peke yake. Kujificha ni mzigo. Kungoja kukataliwa ni mzigo, hata siku ambayo hakuna aliyekukataa. Na yale maneno tuliyosikia utotoni, yakahamia ndani yetu yakaanza kutumia sauti zetu wenyewe, nayo ni mzigo. Mwenzako alivunjika mkono na mkono ukafungwa bandeji, watu wakauona. Wako haukufungwa chochote. Sisemi maumivu yenu yanalingana, nasema tu kwamba hakuna mtu mlangoni anayepima uzito wa shida ndipo akuruhusu kuingia.

Nije kwenye ile pumzi, maana hapo nadhani umeonewa bila mtu kukusudia. Mtu mwenye hofu hupumua haraka haraka na wala hajitambui. Akifanya hivyo anatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko inavyotakiwa, ikipungua kwenye damu mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hujibana, na matokeo yake ni kizunguzungu, na vidole na midomo kuingia ganzi. Yaani dalili zako hizo hizo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia avute pumzi kubwa zaidi, umemsukuma kule kule alikokuwa anaelekea. Wenzako ambao walikuwa wametulia tangu mwanzo, kwao zoezi linafaa. Kwako siyo, na haina maana kwamba umefeli.

Wewe usihangaike na kuvuta, hangaika na kutoa. Hewa iingie kidogo kwa pua, kisha itoe polepole kwa mdomo, kama unapuliza mshumaa usiotaka uzimike. Moyo huenda mbio kidogo tunapovuta hewa na hupunguza mwendo tunapoitoa. Hiyo ni kazi ya neva iitwayo vagasi, inayotoka kichwani ikashuka hadi kifuani na tumboni. Pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia, moyo unapata muda mrefu zaidi wa kupunguza mwendo. Mara tano au sita zinatosha. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida yako.

Na macho usifumbe. Zoezi zima lengo lake ni kumrudisha mtu hapa na sasa. Mimi naliita kutia nanga. Sasa wapo watu ambao hatari yao iliishi gizani, wakifumba macho nanga inashikilia kule kule kwenye giza. Wewe fumbua. Angalia chumba kilivyo: dirisha, rangi ya ukuta, viatu vya mtu aliyekaa mbele yako. Kandamiza nyayo sakafuni usikie sakafu inavyokusukuma nayo. Wengi hufundishwa kutaja vitu vitano wanavyoviona, vinne wanavyovigusa, vitatu wanavyovisikia, viwili vya kunusa na kimoja cha kuonja. Ni zuri, ingawa mimi sijawahi kufika kwenye kunusa; nikianza na rangi za nguo za watu nikifika ya sita nimeshatulia, au nimeshaanza kuwasema moyoni, ambayo nayo ni dalili ya kutulia. Kwa wewe naongeza kitu kimoja: kitu cha baridi mkononi, chupa ya maji au funguo zako, na sentensi ya kujiambia kimya kimya. Mwambie yule wa miaka kumi na minne: "Nina miaka 31. Mlango ule uko wazi. Nikitaka kutoka natoka." Funguo nazitaja kwa makusudi. Mtoto yule hakuwa na funguo zake.

Haya yote yafanyie mazoezi nyumbani ukiwa umetulia, siku ambayo huna shida yoyote. Mtu hajifunzi kuogelea mashua ikiwa inazama.

Tuje kwenye simu ya yule mama, maana barua yako nzima naona ilikuwa inasafiri kuelekea hapo.

Kuna Mmarekani aliyeitwa Marshall Rosenberg, alifariki 2015, aliyefundisha watu waliogombana kusikilizana. Njia yake ina maswali manne: nimeona au nimesikia nini hasa, ninahisi nini, ninahitaji nini, ninaomba nini. Alisema pia kwamba kabla mtu hajamsikiliza mwingine hivyo, anaweza kujisikiliza mwenyewe hivyo hivyo. Hilo ndilo ninalokutaka ulifanye badala ya kile kioo. Kujisikiliza si kujisifu, wala si kule kujionea huruma kwa "maskini mimi". Ni kujipa yale masikio unayowapa wenzako kwenye duara kila wiki. Umekaa miezi saba unawasikiliza watu wazima wakisema mambo ya aibu na hujamwambia hata mmoja "wewe ni mtu wa namna gani". Umejiambia wewe peke yako.

Jaribu. Jiite kwa jina lako, usiseme "mimi". Linaonekana jambo la kitoto, lakini mwaka 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu waliokuwa wanakwenda kuzungumza mbele ya wengine walipojisemesha kwa majina yao, walijimudu vizuri zaidi na hofu haikuwasumbua sana kama ilivyowasumbua wale waliosema "mimi, mimi". Sijui jina lako, kwa hiyo nitakuita Mchekeshaji.

Mchekeshaji, umesikia nini? Hapa utataka kusema, "Nilisikia wakijionyesha." Hapana, hicho si kitu unachokisikia kwa sikio. Ulisikia mama akimwita mpenzi wa mwanawe "mwanangu" na kumuuliza habari za kikohozi.

Ukahisi nini? Umeniandikia chuki. Kaa nayo kidogo, usiifukuze. Ukikaa nayo nadhani utaona wivu, na wivu nao ukiukalia utakuta chini yake huzuni. Jihadhari na sentensi kama "nahisi mimi si kitu". Hiyo haiko kwenye hisia, hiyo ni hukumu iliyovaa nguo za hisia. Huzuni ni hisia. Hofu ni hisia. Upweke, vilevile. Tena kuzitaja kwa jina kuna faida yake: mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake walipima bongo za watu waliokuwa wanatazama picha za nyuso zenye hasira na hofu, na watu hao walipotafuta neno la kuitaja ile hisia, amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilitulia kidogo.

Ulihitaji nini? Hili sitakujibia, ila nitakisia. Ulihitaji mama akuulize kikohozi. Akuulize wewe, yule hasa uliye. Na hakukuuliza, kwa sababu hamjui huyo wa kuulizwa. Mwanangu, ile haikuwa chuki kwa kijana mpole. Ulikuwa unaomboleza, na ulikuwa unaomboleza katikati ya watu wanaoshangilia, umeshika kiti. Nani angeaga?

Na unaomba nini? Ombi liwe dogo, la wiki hii. Lisiwe "mama anikubali". Labda ni mtu mmoja wa kumwambia, "Ile simu iliniuma, sijui kwa nini." Kijana huna haja ya kumwomba msamaha kwa jambo asilolijua, ungemtwisha tu kazi ya kukufariji. Kuhusu kumweleza mama yako, sikushauri chochote kwa barua. Uamuzi huo unategemea unalala wapi, nani analipa kodi ya nyumba, na nani mwingine atajua mama akijua. Hayo unayafahamu wewe, na yeyote anayekuharakisha hatakuwepo usiku huo.

Usitarajie machozi wala nafuu kubwa. Siku za mwanzo utajibu maswali mawili ya kwanza na kukwama. Kukwama ukiwa umesema "nina huzuni" ni mbali sana na pale ulipokuwa umekwama zamani.

Yule aliyekuambia ujipende kwanza alikutakia mema, nami sikubaliani naye kabisa. Mtoto hajipendi kwanza ndipo abebwe. Hubebwa, akabebwa, akabebwa, hadi siku moja anajua kwamba yeye ni wa kubebwa. Sisi wengi tulikatishwa katikati ya somo hilo, na duara kama lenu ndipo mahali pa kulimalizia, kwa aibu na kwa kuchelewa. Unaruhusiwa kupokea ukiwa hujajipenda. Dada aliyekufuata nje hakukuuliza kama umemaliza kazi ya kujipenda.

Huyo dada namtaka kwenye mpango wetu. Mtafute kabla ya kikao kijacho umwambie ukweli mdogo tu: "Siku ile sikuwa na simu." Nadhani anajua, simu ilikuwa kwenye kiti. Mkubaliane ishara, hata kugusa sikio, yenye maana kwamba natoka, sihitaji kufuatwa, narudi baada ya dakika tano. Kutoka na kurudi kunaufundisha mwili kile ambacho maneno yameshindwa kuufundisha, kwamba mlango wa chumba hiki unafunguka pande zote mbili. Kiongozi naye mwambie, "Kufumba macho kunanirudisha mahali pabaya. Unaweza kusema kila mara kwamba anayetaka aache macho wazi?" Kiongozi anayejua kazi yake atakushukuru, na usishangae wiki ijayo ukaona macho mengine matatu manne yamefumbuliwa. Akikasirika, au ukaanza kuona siri za duara zinasikika nje, watu wanashinikizwa kusimulia, picha zinapigwa kwa kuibia, hapo nitaibadili kauli yangu ya mwanzo. Wema wa watu haupimwi kwa jinsi wanavyosema "hapa ni salama". Pima kwa jinsi wanavyolipokea neno "sitaki".

Kuna jambo moja lililo nje ya uwezo wa duara. Zile hatua za korido zikikujia hata huko nje ya zoezi, zikikuamsha usiku, zikikuzuia kufanya kazi, au ukijikuta unafikiria kufa, tafuta mshauri nasaha au daktari wa akili, usingoje kikao. Na usijidhuru ukiwa unangoja zamu yako. Mwambie mtu aliye karibu siku hiyo hiyo. Muulize mshauri mapema anawaonaje watu kama sisi. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo Mei 17, 1990. Anayekuahidi kukubadilisha amechelewa miaka mingi, usimlipe hata senti.

Kikao kijacho, basi. Chagua kiti kinachoona mlango. Funguo mkononi, macho wazi. Zamu ikikufikia sema, "Leo napita," na usiongeze mzaha. Kimya kitakachofuata kitaonekana kirefu kuliko kilivyo. Toa pumzi mara mbili na mwenzako wa kulia atakuwa ameshaanza kusema. Ukiweza, wiki inayofuata badala ya "napita" sema neno moja la hisia, moja tu, bila maelezo.

Na mzaha wako usiuue, nakuomba. Umetuvusha wengi. Uweke mwishoni, wakati wa kupanga viti, halafu uniandikie walicheka nini.

Shangazi yako